Mkoba Ulioshonwa Kabla ya Kamera

Binti yangu wa pili tunamwita Kimya. Si kwamba hana mdomo. Ukimchokoza atakujibu mpaka ujute. Ila jambo analolitaka kweli halisemi. Tangu akiwa mdogo ilibidi nimsome usoni. Shule niliishia darasa la saba, lakini uso wa mwanangu nausoma bila miwani.

Anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ofisini. Anatoa fotokopi, anagandisha vyeti kwenye plastiki, na anapiga picha za pasipoti kwa kamera ya duka, mbele ya shuka la buluu lililopigiliwa misumari ukutani. Watu wanapenda kupigwa picha na yeye. Hamwambii mtu acheke wala akae sawa. Anasubiri tu. Mtu akishachoka kujikaza, uso ukarudi kuwa wake, ndipo anabonyeza. Kuna bibi mmoja alirudi kuomba picha yake ya kitambulisho ikuzwe aitundike sebuleni. Niliposimuliwa hilo nikaanza kuwaza kwamba huyu mtoto ana kitu.

Nyumbani alikuwa akizipiga picha nguo ninazozishona, kwa simu yake. Mimi ni fundi cherehani, na chumba changu cha kazi kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Picha zilitoka kama nguo zimelowekwa kwenye chai. Nilimshonea mteja gauni jeusi lenye mikunjo midogo kifuani, kazi iliyoniumiza shingo. Kwenye picha likawa giza lenye mikono.

"Simu haioni penye mwanga mdogo," aliniambia.

"Basi tuwashe taa."

"Imewaka, Mama."

Halafu akatokea Flashi. Huyu ni mpiga picha wa harusi, na mtaa mzima unamwita hivyo hivyo. Alikuja dukani kwao kutoa fotokopi, akaona picha za pasipoti zimepangwa zikisubiri wenyewe, akauliza nani kazipiga. Alipojua, akamwambia Kimya: "Mdogo wangu, msaidizi wangu kahama, na nina harusi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Njoo tufanye kazi. Lakini uje na kamera yako. Simu sitaki, na yangu simwazimi hata mama aliyenizaa. Ukumbi ule taa zake ni za kubahatisha, na bwana harusi hatasimama akusubiri."

Kimya alinisimulia hayo akimenya vitunguu, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sabuni. Lakini kisu kilikuwa kimesimama. Nikajua hapa pana jambo.

Akiba alikuwa nayo, ameidunduliza tangu aanze kazi. Ilitosha kununua kamera. Haikutosha kununua kosa kwanza, halafu kamera.

Basi wasiwasi ukapanda kitandani pamoja nami. Niliwaza wezi. Niliwaza mvua. Niliwaza mtoto wangu amesimama katikati ya watu waliopendeza, na kamera imekataa kuwaka. Mume wangu ni mlinzi wa ghala, ndiye niliyedhani ataniliwaza.

"Mke wangu," alisema, "kamera hata haijanunuliwa, wewe umeshaibiwa."

Mimi nikiwa na wasiwasi hushona. Nilikuwa nimeona kamera moja kwenye dirisha la duka la Fundi Kamera, anayeuza na kutengeneza kamera: ndogo, nyeusi, mpya, na boksi lake pembeni, na kibandiko cha dhamana ya mwaka mzima. Moyo ukatulia. Nikaikadiria kwa macho kupitia kioo, kama ninavyomkadiria mteja anayeona haya kupimwa kiuno. Nikakata turubai, nikaweka sponji, nikatia bitana laini ya ndani na zipu ya chuma. Ukatoka mkoba ambao hata mimi mwenyewe niliusifu. Nikamkabidhi Kimya siku moja kabla ya kwenda dukani.

Aliugeuza, akapitisha kidole kwenye mshono. "Mama, mzuri mno," akasema, akaukumbatia. Ila kuna kitu kilimpita usoni mara moja, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Mimi nikahesabu kuwa ni furaha.

Fundi Kamera ni mtu mnene, ana miwani moja puani na nyingine kwenye paji la uso. Duka lake ni jembamba. Kamera mpya zinakaa dirishani, zilizotumika ziko rafu ya juu nyuma yake.

"Karibuni, karibuni. Mama ndiye mpiga picha au mlinzi?"

"Mlinzi," nikamjibu. "Mpiga picha ni huyu."

Akamtolea ile ya dirishani. Kimya akaishika, akatazama, akabonyeza mara kadhaa. "Nzuri," akasema. Akairudisha mezani, akaukunja mkanda wake vizuri pembeni. Kisha akauliza, chini chini, "Na ile ya juu, Fundi?"

Ile ya juu ilikuwa kubwa na imechubuka rangi upande ambao mkono wa mtu uliishika miaka mingi. Lenzi yake imetokeza mbele kama pua ya mtu mbishi. Nikaruka kabla hajaigusa.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko hai, Mama, anakula na kushiba. Kanunua kubwa zaidi."

"Una hakika hakuibiwa?"

"Nina karatasi aliyosaini na namba yake ya simu. Unataka umsalimie?"

"Mpigie."

Alidhani natania. Nikamwangalia mpaka akapiga. Nikaongea na mwenye kamera, tukajuliana hali, akaniambia haina tatizo isipokuwa kifuniko cha kadi ni kigumu kufungua. Nikamshukuru, nikamtakia kazi njema. Fundi akapokea simu yake na kuifuta kama vile niliitia homa.

Kimya akanieleza kwa vidole. "Mama, hii mpya lenzi yake ina mlango mdogo. Mwanga unaingia kwa foleni. Hii nyingine inafunguka sana, mahali penye giza inaona. Ila haivuti. Ukitaka kitu kiwe karibu, unakisogelea mwenyewe."

"Miguu si unayo?" akasema Fundi.

Kimya akaielekeza lenzi kwenye taa, akachungulia ndani kama kuna ukungu. Akaenda nyuma ya duka, penye maboksi na balbu moja iliyochoka, akainua kamera akaanza kusubiri vile anavyosubiri. Fundi alianza utani mwingine akauacha njiani. Mtoto alikuwa ametusahau. Mabega yake, ambayo kwa kawaida yako karibu na masikio kama yangu, yalikuwa yameshuka.

Bei za kamera hizo mbili zilikaribiana, na ile ya zamani ilikuja na betri ya akiba. Nikaona mambo yameisha. Kimya akauweka mkoba wangu mezani, akajaribu kuiingiza. Lenzi ikakwama. Akailaza ubavu. Zipu ikafika nusu ikagoma. Akaitoa taratibu, akaisogeza mbali.

"Tuchukue ile mpya," akasema. "Ina dhamana. Na inaingia kwenye mkoba."

Hakunitazama. Hapo ndipo nikasoma vizuri kile kilichompita usoni jana yake. Alikuwa anajua siku zote ni kamera gani anaitaka. Tangu nimpe mkoba, alikuwa anachagua kamera ya kuufaa mkoba, ili mama asiumie. Katika kazi yetu mwanafunzi haruhusiwi kugusa mkasi kabla mteja hajapimwa. Mimi nilikata kitambaa cha mtu ambaye hajafika, na sasa mwanangu alitaka kujikondesha aingie kwenye gauni.

Nikafungua pochi, nikatoa wembe wangu wa kufumulia. Fundi akainua mikono juu.

"Mama! Bei inazungumzika!"

Nikaupitisha kwenye mshono wa ubavuni, krrr, mpaka chini.

"Mama, umeushona kwa shida!" Kimya akalia.

"Uzi ni wangu." Nikaiweka ile kamera kubwa ndani ya mkoba uliopasuka, nikachora kwa chaki. "Hapa nitaongeza kipande. Hapa nitaachia tumbo la lenzi."

"Lakini imetumika. Wewe huogopi?"

"Naogopa sana. Cherehani yangu niliinunua kwa nani?"

"Kwa mjane wa fundi viatu."

"Inashona?"

"Inashona."

Nikamgeukia mwenye duka. "Andika kwenye risiti. Ikigoma ndani ya miezi mitatu, unatengeneza bure."

"Mmoja."

"Mitatu. Tunaongea fundi kwa fundi."

"Miwili, na huo wembe uondoke mezani kwangu."

Akaandika. Kimya alilipa mwenyewe. Mimi nilizihesabu noti mara ya pili kwa niaba yake.

Jumamosi ya harusi nilikosea kushona kola, nikaifumua, nikaikosea tena. Kimya alirudi usiku amechoka, mkoba begani, akala na kulala. Asubuhi akaniwekea kamera mapajani, anioneshe kwenye kile kioo cha nyuma. Alisema taa za ukumbi zilikuwa hafifu kuliko hata chumba changu. Flashi alizitazama picha zote moja moja, kisha akamwambia, "Wiki ijayo usichelewe."

Mimi nilikuwa nimeinamia picha ya bibi harusi. Kimya akaikuza, nikaona kila tundu la sindano.

"Nani kamshonea huyu?" nikauliza. "Ubavuni panavuta. Na lesi wameipachika upande upande."

Kimya akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, watu wote wamesema bibi harusi kapendeza!"

"Uso kapendeza. Nasema ubavu."

Nikamrudishia kamera, nikainuka, nikatundika gauni jeusi la mteja mwingine mbele ya dirisha linalotazama ukuta wa jirani, nikalinyoosha mikunjo.

"Haya," nikamwambia. "Lisubiri liache kujikaza."