Mwaka Mokami Aliokimbia Mbugani

Mokami Wangwe hakuwahi kumwambia mtu kwamba kila alipokabidhiwa barua ya kijiji, kwanza alikwenda nyuma ya zizi kutapika.

Mwaka ulikuwa 1975. Kaya zilizokuwa zimetawanyika porini zilikuwa zimeshahamishiwa Robanda, nyumba zikapangwa kwa mistari, na tarishi wa kijiji alikuwa mumewe, Method. Mwezi wa pili, akirudi kutoka Mugumu kwa miguu, Method alikutana na nyati kwenye majani marefu. Walimleta nyumbani kwenye machela ya magunia, nyonga imevunjika.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Kornelio, alikuja kutoa pole. Alikaa, akanywa uji, ndipo akasema lililomleta.

"Mama, nasikia kwenu Tarime ulikuwa unakimbia mashindano ya shule."

"Zamani, mzee."

"Barua za wilayani haziwezi kungoja. Kijiji kitawalimia shamba mpaka Method asimame."

Mokami alimtazama mumewe kitandani. Mumewe alikuwa ameelekea ukutani. Mtama ulikuwa haujapaliliwa hata mstari mmoja. Akasema sawa.

Kutoka Robanda hadi Mugumu ni karibu kilomita arobaini. Baiskeli ya kijiji ilikuwapo, lakini mvua ikinyesha udongo mweusi huganda kwenye magurudumu yakagoma kuzunguka. Basi alikimbia, miguu mitupu, barua ameifunga kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Kabla ya kuondoka alipanda kilima kilicho nyuma ya kijiji, kupanda na kushuka saa nzima ya mawe na miiba, ili aone nyati wamelala upande gani na nyumbu wamefika wapi, maana penye nyumbu simba hawako mbali. Alipopaogopa alipazunguka. Usiku alilala Morotonga, jirani na Mugumu, kwa shangazi yake Felista, kesho yake akarudi. Siku nyingine jibu lilitakiwa siku hiyohiyo, akageuza bila hata kukaa, akafika nyumbani kucha za miguu zimeng'oka.

Watu walidhani amezoea. Hakuzoea. Kichuguu alikiona nyati. Ndege akiruka majanini, alijitupa chini. Safari moja alikimbia kichuguu mpaka akaanguka kwa kukosa pumzi, na alipoinuka akajikuta analia kwa sauti, peke yake, katikati ya mbuga.

Mwishoni mwa mwezi wa tano, alfajiri, aliitwa nyumbani kwa jirani yake Agustina. Agustina alikuwa na uchungu wa siku mbili. Mkunga, bibi Kezia, alitoka nje akifuta mikono kwenye kanga.

"Mtoto amekaa vibaya," alisema. "Bila gari, huyu atanifia hapa."

Kornelio aliandika barua akiwa amesimama. Method, aliyeanza kukaa kitako siku hizo, alimwita mkewe dirishani.

"Leo usipande kilima. Utachelewa."

"Nimesikia," Mokami alijibu.

Alipanda. Alijua anachofanya, na miguu haikukubali kwenda kokote ila huko. Juu kulikuwa na ukungu mzito, hakuona hata mti. Alisimama pale akisubiri upungue, na haukupungua. Alishuka akiwa amepoteza saa nzima, na bado alilazimika kuingia mbugani bila kujua kilichomo.

Alikimbia kama hakuwahi kukimbia. Nyumbu walikuwa wamejaa pande zote mbili za njia, wakiguna ndani ya ukungu, wengine karibu hata akasikia harufu yao. Palipo na mto mkavu aliona simba jike amelala, kichwa juu, anamtazama. Mokami alirudi kinyumenyume hatua kwa hatua, mkojo ukimshuka miguuni, mpaka kichaka kikawatenganisha. Kisha akazunguka mbali, akaendelea.

Aliingia Mugumu saa sita mchana. Landrova ya serikali iliondoka naye mara moja. Agustina alichukuliwa akiwa hai, akapona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa hana uhai.

Robanda nzima ilimsifu Mokami. Kornelio alimsimamisha mbele ya mkutano wa kijiji, watu wakampigia makofi. Yeye alitazama chini. Kwa miezi miwili alipita mbali na nyumba ya Agustina, na kila akiona moshi wa jiko lake alihesabu upya ile saa.

Mwezi wa nane Agustina alikuja mwenyewe, akakaa kwenye jamvi, akaanza kumsaidia kupura mtama.

"Kwa nini unanikimbia?" aliuliza.

Mokami alimwambia. Kilima, ukungu, saa nzima. Hakuficha kwamba Method alimkataza.

Agustina aliacha kupura. Kuku wakaja kudonoa mtama karibu na mikono yake.

"Bibi Kezia anasema mtoto aliacha kucheza usiku, kabla hujaitwa," alisema mwishowe. "Labda anasema hivyo kunituliza. Sijui."

"Mimi pia sijui."

"Ungeliwa na simba, hata mimi ningekufa. Hilo nalijua." Akachukua tena fimbo ya kupuria. "Lakini nimekasirika, Mokami. Nisikudanganye."

"Kasirika tu."

Walimaliza ule mtama pamoja. Siku zilizofuata Agustina alikuja tena, mara nyingine akiongea, mara nyingine hapana.

Mokami alipeleka barua mpaka mwezi wa kwanza mwaka uliofuata, safari thelathini na moja kwa jumla. Method alikuwa anatembea kwa fimbo. Kazi ilichukuliwa na kijana wa miaka ishirini na mitano aitwaye Machage, na Mokami alimwonyesha njia, akimtajia waziwazi kila mahali pa kuogopa.

Agustina alipopata mimba nyingine hakungoja uchungu. Miezi saba ilipotimia alimwomba Mokami ampeleke Morotonga kwa shangazi Felista, akae karibu na gari. Walitoka asubuhi wakati wa kiangazi, wakatembea polepole siku mbili, wakilala njiani kwa watu. Agustina alimshika mkono njia nzima, na kila alipopaogopa mmoja wao walipazunguka wote. Alijifungua msichana.