Harufu ya Ngozi

Nakumbuka asubuhi moja ya mwaka wa njaa, Mwingereza akitawala bado, jumbe alipofika kwetu Ulemo. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufa. Mimi, mkubwa, nilikuwa nimeacha shule ili niwalee wadogo zangu. Jumbe alituletea shilingi chache za msaada kutoka bomani, na habari kwamba kila nyumba ya yatima itoe mtu mmoja akajifunze kuwamba ngozi kwenye banda la mnadani.

Shilingi nilizipokea. Bandani sikutaka kwenda. Kijijini ilisemwa kwamba anayejua kazi hufutwa kwenye msaada, nami niliogopa wadogo zangu wangelala njaa.

Nilikwenda kumweleza shangazi yangu, nikamkuta akichambua mlenda. Hakuinua hata macho.

"Kwani Serikali ndiyo iliyokuzaa? Mvua ikinyesha tu, watasema njaa imekwisha. Nawe utawapikia nini hawa, mawingu?"

"Shangazi, na ile harufu ya ngozi?"

"Harufu huoshwa. Nenda. Watoto niachie."

Akaiacha nyumba yake, akahamia kwetu.

Mwanangu, kazi ile ilichosha. Tulikwangua nyama na mafuta, kisha tukaiwamba ngozi kwenye fremu za miti, kivulini, maana jua huiunguza. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Sisi kivuli chetu kilinuka. Nikipita njiani vijana waliniita Fisi. Nilizoea.

Mvua ilinyesha, na msaada ukakoma, mtama ukiwa bado haujafika magotini. Miezi hiyo ndiyo iliyozika watu. Wachinjaji waliniita niwachunie na kuwamba. Walinilipa kichwa au matumbo, nasi tukala. Tulivuka wote.

Shule sikurudi. Mdogo wangu Kitundu, aliyesomeshwa na mikono hii, akija kunisalimu hushika kiganja changu akakinusa. Hucheka.

Nasikia nanyi leo mnapewa fedha za kaya maskini na nafasi za kujifunza ufundi. Pokea, mwanangu, si aibu; lakini nguo ya kuazima haisitiri matako. Jifunze kazi msaada ungali mkononi, usingoje ukome. Mungu akupe mikono isiyoona haya, na mtu wa kubaki na watoto unapokwenda.