Skrubu za Saba Saba

Skrubu yenyewe ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, na mwaka 1979 ndiyo iliyomzuia Ignas asimwone mwanawe.

Ignas alikuwa fundi wa mashine katika ushirika wa kushona sare pale Mafiga, mjini Morogoro. Ushirika ulikuwa na vyerehani ishirini na viwili vya umeme kutoka Ulaya, na katika kila kimoja skrubu moja ilishikilia kikombe cha bobini, kigurudumu cha uzi wa chini. Cherehani kikikimbia siku mbili tatu, mtikisiko uliilegeza. Ikichomoka, uzi ulijisokota na sindano ikavunjika, na sindano mwaka ule zilikuwa hazipatikani.

Mkewe, Yuliana, alikuwa amepanda kwao milimani, juu ya Mkuyuni, kujifungua. Mwezi wa tano dereva wa lori la ndizi akaleta habari: mtoto wa kike, wote wazima. Ignas akaenda ofisini kuomba ruhusa ya siku nne.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mwinjuma, meneja wa ushirika, hakuinua macho. "Ndugu Ignas, wakubwa wa mkoa wanasema skrubu hazijifungui zenyewe. Wanasema kuna mkono wa mtu. Unalijua neno linalotumika siku hizi."

Ignas alilijua. Hujuma.

"Mimi nakuamini. Lakini ukiondoka sasa watasema umekimbia. Kaa kwanza mpaka mashine zitulie."

Basi akakaa. Vyerehani vilikuja na chupa ndogo ya gundi ya buluu, ya kushikisha skrubu, pamoja na maelezo ya lugha ambayo hakuna aliyeijua pale. Ignas alipaka, akakaza. Siku ya tatu skrubu zikachomoka. Akazidisha gundi, ikatiririka ikanasa kikombe kizima. Akaziosha kwa mafuta ya taa mpaka zikang'aa, bado hazikushika. Kila skrubu ilipodondoka sakafuni, washonaji walimtazama, na yeye hakujua wanawaza nini.

Mmoja wao, Chausiku, mama mtu mzima wa cherehani namba tisa, ndiye aliyemwambia ukweli.

"Kaka Ignas, uliponizibia mpira wa baiskeli ulikwangua, ukafuta, ukaniambia nisiuguse kwanza. Hapa unapaka gundi juu ya mafuta."

"Nimeziosha, dada."

"Kwa mafuta ya taa. Hayo si mafuta?"

Chausiku akaongeza kwamba skrubu yake haijachomoka tangu mkanda wa mota ulipokatika. Ignas akakumbuka: siku ile aliweka skrubu mpya, na cherehani kikalala siku tatu kikingoja mkanda. Gundi ilipata chuma kikavu, ikapata na muda wa kukauka.

Akaomba vyerehani visimame siku mbili.

"Siku mbili! Na sare za mgambo?" Mwinjuma alitafakari. "Jumamosi ni Saba Saba, kesho yake Jumapili. Chukua hizo."

Ndizo siku ambazo Ignas alikuwa amepanga kutoroka: lori asubuhi mpaka Mkuyuni, kupanda kwa miguu, kurudi Jumapili jioni. Hakuweza kulisema hilo.

"Lakini vitambaa vya serikali vimo humu, nami nitakuwa kwenye gwaride," Mwinjuma akasema. "Nitakufungia kwa nje."

"Mpaka saa ngapi, mzee?"

"Mpaka nitakaporudi."

Siku ya Saba Saba kufuli likafungwa saa mbili asubuhi. Ignas alikuwa na spiriti aliyoipata zahanati, pamba na bisibisi. Alifungua skrubu, akaiosha kwa spiriti, akasafisha na tundu lake, akangoja vikauke. Tone moja tu la gundi. Akakaza, akafuta, akahamia kingine. Uwanjani ngoma zilikuwa zinalia.

Alipomaliza cha kumi na nne kiu ilimbana. Akausukuma mlango, kufuli likagonga tu. Kupitia nondo za dirisha aliuona mlima, wingu limeufunika nusu. Saa hiyo lori lingekuwa limeshafika Mkuyuni. Akaketi juu ya robota la vitambaa, akavitazama vyerehani vinane vilivyobaki. Walishasema kuna mkono wa mtu, basi na uwepo. Azilegeze skrubu zote, wamfunge kwa kosa alilolifanya kweli. Bisibisi ilikuwa mkononi. Alikaa hivyo mpaka jasho likamkauka mgongoni. Kisha akainuka, akaendelea na cha kumi na tano.

Mwinjuma alirudi saa kumi na moja jioni.

Jumatatu vyerehani vikawashwa. Wiki ikapita, zikapita tatu. Hakuna skrubu iliyodondoka, na neno hujuma halikusikika tena. Ignas akarudi ofisini. Mwinjuma akasimama, akampa mkono.

"Mkoa wamefurahi sana! Wana vyerehani kama hivi Turiani, vinawasumbua. Gari linakufuata kesho."

"Mzee, mtoto wangu ana miezi miwili na zaidi, sijamtia machoni."

"Ukirudi, ndugu yangu. Fundi mwingine sina."

Turiani alikaa mpaka mwezi wa tisa. Aliporudi Mafiga alimkuta Yuliana mlangoni, ameteremka mwenyewe kutoka mlimani, mtoto mgongoni. Ignas alinyoosha mikono. Mtoto akamtazama, akaangua kilio.

"Umerudi kwa siku ngapi?" Yuliana akauliza.

"Jumatatu wananitaka Kilosa."

Yuliana alimfungua mtoto aliyekuwa bado akilia, akampakatisha mumewe, akaingia ndani kuinjika maji ya ugali.