Kitanda cha Mwisho Bwenini

Jumatatu nilimpeleka binti yangu chuoni kuandikishwa bweni. Mbele yetu kwenye foleni alisimama bwana mmoja kutoka mtaa wa Waithaka, mwenye tai, pamoja na binti yake. Kwa saa nzima alitueleza jinsi ukabila unavyoiua nchi hii.

Alipofika dirishani, karani alimwambia kimebaki kitanda kimoja tu, katika chumba cha wawili.

"Huyo mwenzake ni nani?" akauliza.

Karani alimwonyesha kwa kalamu msichana wa Pwani aliyekuwa amekalia sanduku lake la bati, mtandio kichwani.

Bwana akainama na kushusha sauti, ingawa sote tulimsikia. "Ndugu yangu, nitafutie msichana wa kwetu."

"Vyumba vya wa kwenu vimejaa, mzee. Unachukua ama huchukui?"

"Chukua, Baba," binti yake akamvuta koti.

"Nyamaza. Wewe hujui watu."

"Anayefuata," karani akasema.

Aliyefuata ni mimi. Sikungoja kuambiwa mara mbili, nikatia sahihi.

"Sasa mimi nitalala wapi?" yule binti akamuuliza baba yake.

"Nyumbani. Utakuwa ukienda na kurudi."

Binti yangu sasa analalamika kwamba mwenzake huamka alfajiri kuswali na kumkatiza usingizi. Nimemwambia saa hiyo binti wa yule bwana tayari yuko kituoni Waithaka akingoja basi, amezungukwa na watu wa kwao.