Mtu wa Mwisho Mstarini

Fundi makochi wa mtaa wetu ana sharti moja: cherehani yake lazima itazame mlango, na mgongo wake uegemee ukuta. Akiinuka kwenda meza ya kukatia, mkewe akitaka kupita nyuma yake hutangaza tangu jikoni, "Baba Watoto, napita!" Wateja hucheka. Nyinyi msicheke kwanza, nisikilizeni.

Ujanani alikuwa askari wa miguu. Wenzake walimwita Mkia, maana katika mstari wa watu tisa ndiye aliyetembea nyuma kabisa. Msituni kule mvua haikatiki, soksi zinaozea mguuni, na mchana wenyewe una giza la stoo. Kusema ni kujichongea. Kwa hiyo kila baada ya hatua mia, Mkia alimgusa begani aliye mbele yake, naye akamgusa wa mbele yake, hadi kwa sajini. Sajini akiguswa, alijua wote wapo. Kuguswa mara mbili kulimaanisha hatari.

Siku ya sita, homa imempanda, matope magotini, Mkia aliinua mkono ili aguse. Kabla hajagusa, akaguswa yeye. Begani. Taratibu, kama mtu anayetimiza wajibu.

Nyuma yake hakukuwa na mtu wao.

Akigeuka, huenda akala risasi. Akipiga kelele, wote wamekwisha. Miguu ikaendelea kwenda yenyewe, huku akimsikia mwingine akihema kisogoni. Akamgusa wa mbele mara mbili. Mguso ukasafiri. Mstari ukasimama.

Akageuka. Kijana wa upande wa pili, macho ya njano, mguu mmoja peku, bunduki inaning'inia. Naye alikuwa wa mwisho kwa watu wake. Alipoteana nao mvuani, akafuata mgongo wa kwanza aliouona. Walitazamana. Kijana akarudi kinyumenyume, majani yakamfunika.

"Afande, niweke katikati," Mkia alimnong'oneza sajini alipokwisha kumsimulia.

"Nyuma akae nani? Wewe na yule angalau mmeshajuana." Sajini hakucheka.

Siku tatu zaidi alitembea wa mwisho, bega likisubiri.

Jana fundi alikuwa ameinama mezani, anakata kitambaa. Mkewe akasahau kutangaza. Akamshika begani ampe chai. Fundi hakugeuka. Alinyoosha mkono mbele, polepole, akaigusa hewa mara mbili.