Hesabu ya Pwani Kule Ikonge

Asli alizaliwa Kisii mjini, nyuma ya duka la vitambaa la babake, lakini kazi ya kupima hewa alijifunzia Mombasa. Alipoitwa kwenye kiwanda kimoja cha chai karibu na Ikonge, ambako wachochea boila walikuwa wakilalamika kuumwa na kichwa, alifika na mashine yake na jedwali lile lile alilozoea la kugeuza miligramu kuwa sehemu katika milioni.

Mashine ilipima kwa uzito ile gesi ya moshi isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksidi. Ikasoma miligramu arubaini na tisa katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kikomo cha kiwanda kilikuwa sehemu hamsini katika milioni. Asli akazidisha kwa namba ya jedwali, akapata sehemu arubaini na tatu. Masese, msimamizi wa zamu, akashusha pumzi na kumrudisha mchochea boila, Mzee Ogoti, ndani akaongeze kuni, maana majani yalikuwa yanangoja kukaushwa.

Asli akaketi nje ukutani, akatoa pakiti ya krispi za muhogo aliyotumiwa na shangazi yake wa Mombasa. Ilikuwa imefura kama mpira. Akaitazama bila kuifungua. Hewa iliyofungiwa pwani ilikuwa ikisukuma kutoka, kwa sababu hewa ya huku juu milimani ni nyepesi. Na ile namba ya jedwali ilikokotolewa kwa hewa ya pwani.

Akarudia hesabu kwa kanieneo ya hewa ya hapo Ikonge. Hamsini na nne.

Alimkuta Masese mlangoni, akamwomba azime boila na kuwatoa watu. Masese akauliza kama mashine imesoma kitu kingine.

"Miligramu ni zile zile," Asli akasema. "Hewa ya huku ndiyo chache, kwa hivyo gesi ile ile inakuwa sehemu kubwa zaidi. Nimekosea mimi. Nimekupa hesabu ya pwani."

Masese akasema majani yataharibika yote, na tofauti yenyewe ni ndogo. Wangoje zamu iishe. Asli akamjibu kwamba alipimia pale mlangoni, si kule ndani anakosimama mzee. Masese akageukia ndani, akaita jina la Ogoti. Kimya. Akaita tena kwa Ekegusii, lugha yao ya nyumbani, kwa sauti ya juu.

Wakamkuta ameketi juu ya kuni, macho wazi, miguu imemkataa. Wakamburuta hadi kwenye nyasi. Alitapika, akatulia, kisha akauliza ni nani anaangalia moto. Masese alikuwa ameshaenda kuuzima mwenyewe. Bomba la moshi lilikuwa limepasuka kwenye maungio. Majani yakamwagwa, na Masese hakumlaumu mtu.

Lakini Asli hakutulia. Juma lililopita alikuwa amepima kiwanda kingine upande wa Ekerenyo, kwa jedwali hilo hilo, akawaambia wako salama. Akapiga simu, ikaita hadi ikakatika. Akapanda bodaboda, na njia nzima alirudia hesabu zao kichwani, na kila mara zilivuka kikomo.

Alikuta boila ni baridi. Kuni zilikuwa hazijaletwa, na wachochea boila walikuwa nje wakitafuna miwa. Asli akaketi kati yao, akaanza kuwaeleza kwa nini wasiiwashe hadi bomba likaguliwe. Mmoja wao akasogea kumpisha, akamkatia kipande cha muwa.