Vistari vya Mpiga Taipu

"Shilingi thelathini silipi. Maneno umeyazidisha," mwalimu alimwambia mpiga taipu kwenye baraza ya duka moja hapa Tarime, Jumamosi iliyopita. Mwalimu huyu ametunga riwaya, na walikubaliana alipe kwa idadi ya maneno.

Mpiga taipu alifungua daftari lililojaa vistari, vimefungwa vitano vitano. "Nina hesabu yote, Mwalimu. Neno 'ghafla' lilinichosha hata nikaliwekea ukurasa wake. Mara mia mbili na kumi na moja."

"Mura, kijana wangu, mimi ni mtu wa taratibu. Siandiki hivyo."

Mpiga taipu akachukua karatasi ya juu, akasoma: "Ghafla jua likazama. Ghafla babu yake akazeeka."

Mama mmoja aliyekuja kuandikiwa barua akajifunika mdomo kwa khanga. "Na ng'ombe wa humo, Mwalimu, wanacheua ghafla?"

Mwalimu alikunja karatasi zake polepole. "Basi yafute hayo yote. Nitalipa yaliyobaki."

Hapo mimi, niliyekuwa nikingoja zamu yangu, nilikasirika. Mwalimu namfahamu, kuvuka uwanja wa soko humchukua nusu saa, kwa salamu. Akishika kalamu, kumbe, anaogopa tutasinzia, ndiyo maana anatushtua kila mstari. Vistari vimemsema. Nami nilihesabu safu zangu za nyuma za gazeti hili, nikakuta "kusema kweli" karibu kila aya, na sikufurahi.

Kufuta ni hiari yake. Lakini maneno yalikwisha pigwa, yote. Mwalimu, lipa shilingi thelathini.